Je, Watapigana?

Jioni ya Jumapili, tarehe 30 Desemba 2007, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Kenya, Samuel Kivuitu, alisoma matokeo ya kura za urais ndani ya jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi, mbele ya kamera za shirika la utangazaji la serikali peke yake. Ukumbi mkubwa ulikuwa umevurugika, na askari walikwisha kuwatoa waandishi na wanasiasa. Mwai Kibaki, kura 4,584,721. Raila Odinga, kura 4,352,993. Haukupita muda, Kibaki akawa amesimama kwenye viwanja vya Ikulu, ameshika Biblia, anakula kiapo huku giza likiingia. Jioni hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Siku chache baadaye Kivuitu aliulizwa na waandishi kama Kibaki alishinda kweli, naye akajibu kwamba hajui. Msimamizi mkuu wa uchaguzi anasema hajui nani kashinda: sijui kama kuna mwandishi anayeweza kuomba habari kubwa kuliko hiyo. Hata hivyo, katika majuma yaliyofuata, si hiyo iliyobebwa kwenda kwa wasomaji wa New York, London na Paris kama kiini cha mambo. Iliyobebwa ni habari ya makabila.

Tuwatendee haki. Wengi wao waliandika kwamba kura zilichezewa, na waangalizi wa Umoja wa Ulaya walisema mapema kwamba ujumlishaji wa kura za urais haukuaminika. Ila wizi wa kura ulipewa kazi ya kiberiti tu. Petroli, katika masimulizi yao, ilikuwa kabila. Gazeti la New York Times la tarehe 31 Desemba liliwaeleza wasomaji wake kuhusu uhasama wa kikabila wa tangu enzi, uliokuwa umelala chini chini siku zote. Baada ya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, kuchomwa moto tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu ndani, wengi wao wanawake na watoto, jina la Rwanda likaanza kuonekana katika kila taarifa ya pili. Wiki mbili nyuma Kenya hiyohiyo ilikuwa ikiitwa kisiwa cha utulivu katika eneo lenye vita, nchi ya watalii na ya mikutano ya Umoja wa Mataifa. Kabati la mhariri wa ng'ambo lilikuwa na rafu mbili, ya utulivu na ya maangamizi, na nchi ilipotolewa katika ya kwanza haikuwa na pa kuwekwa isipokuwa katika ya pili.

Kosa hili hueleweka vibaya na sisi tunaolilalamikia. Tumezoea kusema kwamba wageni wanatudanganyia, au kwamba wanaandika kutoka mbali bila kujua lolote. Kwa Kenya hoja ya umbali haisimami hata kidogo. Nairobi ndiyo makao ya waandishi wa nje wa Afrika Mashariki yote; kutoka hapo ndipo wanapopanda ndege kwenda Mogadishu, Juba na Goma. Mwandishi aliyeripoti ghasia za Kenya alikuwa na nyumba Nairobi, dereva wa Nairobi, na marafiki waliopiga kura Nairobi. Uongo nao ulikuwa haba. Waliosema watu wanauawa kwa sababu ya kabila lao walisema kweli, maana kwenye vizuizi vya barabarani watu walidaiwa vitambulisho ili majina yao yasomwe. Ninavyoona mimi, chanzo ni swali lililowatangulia waandishi hao mahali pa tukio: je, watu hawa watapigana? Swali hilo lina majibu mawili tu, ndiyo au hapana, na lolote utakaloliona litaangukia upande mmojawapo. Nani anahesabu kura, nani aliwateua wanaohesabu, nani ana hati ya shamba na aliipataje, ni maswali ambayo jibu la ndiyo au hapana haliyagusi. Na uthibitisho kwamba swali ndilo lenye kasoro ni huu: swali hilohilo lilimpotosha mgeni upande mmoja mwaka 2008, na upande wa pili kabisa mwaka 2017.

Tuanze na kabila lenyewe. Jambo lisilobadilika haliwezi kueleza jambo linalobadilika. Wakikuyu, Wajaluo, Wakalenjin, Waluhya na Wakisii walikuwapo Kenya mwaka 2002, tena walikuwa wakiishi katika mitaa na mashamba yaleyale, na uchaguzi wa mwaka huo ulipita bila kitu cha kulinganishwa na cha 2007. Mwaka huo Raila Odinga alisimama Uhuru Park akasema Kibaki tosha, na Wajaluo kwa wingi wao wakampigia kura Mkikuyu. Mwaka 2007 William Ruto alikuwa bega kwa bega na Odinga ndani ya chama cha ODM. Mwaka 2013 Ruto huyohuyo aligombea na Uhuru Kenyatta kwa tiketi moja, na Wakikuyu na Wakalenjin wa Bonde la Ufa, ambao miaka mitano nyuma walielezwa kama mahasimu wa damu, wakapanga foleni kuwachagua wote wawili. Machi 2018 Uhuru na Raila walipeana mkono mbele ya ofisi ya rais. Mwaka 2022 Uhuru akamuunga mkono Raila dhidi ya Ruto. Chuki ya tangu enzi inayogeuka kila baada ya miaka mitano, kwa kufuata tarehe ya mwisho ya kuandikisha miungano ya vyama, ni chuki ya ajabu sana. Mwandishi aliyetaka kuieleza 2008 alihitaji kujua kilichotokea kati ya 2002 na 2007: makubaliano ya kugawana madaraka yaliyovunjwa mara baada ya ushindi, kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005 ambayo serikali ilishindwa, na uteuzi wa makamishna wa uchaguzi uliofanywa na rais peke yake, kinyume cha mapatano ya vyama ya 1997 kwamba upinzani utashauriwa. Hili la mwisho lilikuwa kavu, la makaratasi, lisilo na picha. Ndilo lililofanya watu wasiiamini Tume hata kabla ya kura ya kwanza kutumbukizwa sandukuni.

Halafu kuna ramani. Ghasia za 2008 hazikusambaa popote penye makabila mawili. Kenya ina wilaya nyingi za namna hiyo ambazo zilikaa kimya. Zilishika Burnt Forest, Molo, Kuresoi, viunga vya Eldoret, na baadaye Nakuru na Naivasha, pamoja na mitaa ya mabanda ya Nairobi. Sehemu kubwa ya orodha hiyo ni nchi ya mashamba ya walowezi. Miaka ya mwanzo ya 1960, ukoloni ulipokuwa ukifunga virago, sehemu ya ardhi iliyotwaliwa na Wazungu ilinunuliwa kwa mikopo na kugawiwa katika mipango ya makazi. Baadaye makampuni na vyama vya ushirika vikanunua mashamba mazima na kuyakata ploti kwa wanahisa. Waliokuwa karibu na serikali na benki walipata, na wengi walitoka Mkoa wa Kati. Wenyeji wa kabla ya walowezi waliona ardhi yao imetoka kwa mgeni mmoja ikaenda kwa mwingine bila kupitia kwao. Mnunuzi naye alikuwa na risiti yake, ametoa jasho lake, wala hakumwibia mtu. Pande zote mbili zilikuwa na jambo la kudai, na hakuna mahakama wala bunge lililowahi kuketi kulimaliza. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1991, wanasiasa wa chama tawala walilichukua dai hilo wakalifanya silaha: mikutano ya kudai serikali za majimbo, kisha moto Molo na Burnt Forest mwaka 1992, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia. Mwaka 1997 ikawa zamu ya Likoni, Pwani, miezi michache kabla ya uchaguzi. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza yote hayo na ripoti yake ikatolewa hadharani 2002. Hakuna kigogo aliyefungwa. Kwa hiyo msomaji aliyeambiwa kwamba Kenya ililipuka ghafla Desemba 2007 alinyimwa miaka 16 ya habari, na hasa alinyimwa jambo moja: kwamba moto huo ulikuwa na kalenda, na kalenda yenyewe ilikuwa ya uchaguzi.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote ulikuja Oktoba 2008, kamera zilipokuwa zimeondoka. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyoundwa kuchunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Ikaangalia walikufaje. Panga, mshale na rungu, silaha zilizojaza kurasa za mbele duniani kote, vilikuwamo. Lakini sababu iliyoongoza ilikuwa risasi: watu 405, zaidi ya thuluthi moja ya wote. Katika majuma yale ya Januari waliokuwa na bunduki kwa wingi huo walikuwa polisi. Kule Kisumu waliopigwa risasi ndio waliokuwa wengi kati ya waliokufa, na Tume ilikuta kwamba baadhi walipigwa kwa nyuma. Kamera ya kituo cha KTN ilimnasa askari mmoja mjini humo akimfyatulia risasi kijana asiye na silaha kisha akimpiga mateke akiwa chini. Sasa weka takwimu hiyo kando ya simulizi la jirani kumkata jirani, uone inavyolitikisa. Mtu anayeuawa na askari aliyevaa sare, aliyetumwa na wizara, kwa sababu anaandamana kupinga matokeo, hauawi na kabila jingine. Anauawa na dola. Mgeni aliyekuja na swali la je, watapigana, aliwaangalia wao, wananchi, na kwa mtazamo huo polisi alikuwa mtu wa kutuliza. Aliyekuwa na hatia kubwa katika hesabu ya maiti alionekana pichani kama mandhari.

Hapa msomaji makini atapinga, na ana haki. Atasema ninalifuta kabila kwa hila, kwamba msomi wa Kiafrika siku zote hukimbilia ardhi na uchumi ili asiseme neno linaloaibisha. Kiambaa hawakuchomwa watu wenye hisa za makampuni ya ardhi, walichomwa Wakikuyu. Naivasha mwishoni mwa Januari hawakutafutwa wafuasi wa ODM kwa kadi zao. Walitafutwa Wajaluo na Wakalenjin kwa majina yao. Ni kweli tupu, na atakayeandika historia hiyo bila kulitaja kabila atakuwa ameandika uongo wa aina yake. Ninachobisha ni nafasi lililopewa. Kabila lilieleza nani alilengwa; halikueleza kwa nini siku ile, kwa nini mahali pale, na kwa amri au fedha ya nani. Mwandishi aliyeishia kwenye kabila alijibu swali moja kati ya manne akafunga daftari. Zaidi ya hapo, aliwafanyia hisani wanasiasa bila kujua, kwani ikiwa uhasama umo ndani ya damu ya watu, basi hakuna aliyeupanga, na asiyepanga hashitakiwi. Utetezi wa namna hiyo ulisikika sana Nairobi wakati bunge lilipokuwa likikataa kuunda mahakama maalumu ya ndani, hadi kesi zikaishia The Hague.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silijibu kwa wepesi. Usiku ule wa tarehe 30 Desemba matangazo ya moja kwa moja yalipozimwa, Mkenya aliyetaka kujua nchi yake inakwendaje alifungua idhaa za nje. Bila vyombo vya nje dunia isingelitingishika, na Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa wasingelikaa Nairobi majuma yale yote hadi mkataba wa Kibaki na Odinga ukatiwa saini tarehe 28 Februari 2008, Jakaya Kikwete akiwa amekuja kuusukuma. Vyombo vya Kenya vyenyewe havikuwa safi: baadhi ya redio za lugha za kikabila zililaumiwa na Tume ya Waki kwa kuchochea, na mtangazaji mmoja alifikishwa The Hague kabla kesi yake haijasitishwa mwaka 2016. Nakubali yote. Kelele za wageni ziliokoa maisha. Lakini kelele na maelezo ni vitu viwili. Kengele ya moto inaweza kulia kwa wakati wake na bado aliyeipiga asijue moto umeanzia wapi. Tatizo huja pale mpiga kengele anapoombwa kuandika ripoti ya chanzo cha moto, na ripoti hiyo ikasomwa katika kila wizara ya mambo ya nje. Kilichotibu Kenya, kwa kadiri ilivyotibiwa, kilitokana na maelezo mengine kabisa: Tume ya Jaji Johann Kriegler iliyokuta kwamba uchaguzi uliharibika kiasi cha kutowezekana kujua nani alishinda, Tume ya Waki, kisha katiba ya Agosti 2010 iliyounda tume mpya ya uchaguzi, Mahakama ya Juu na serikali za kaunti. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa dawa ya kabila. Zote zilikuwa dawa ya dola.

Na mgeni, kwa habari hii, hahitaji kuwa Mzungu. Magazeti na vijiwe vya Dar es Salaam vilisema yaleyale mwaka 2008, kwa Kiswahili kitamu zaidi: Wakenya wana ukabila, sisi Mwalimu alituondolea. Maelezo hayo yalimfariji msomaji wa Tanzania kuliko yalivyomfundisha. Yalimsahaulisha kwamba Januari 2001, polisi walipowapiga risasi waandamanaji wa chama cha CUF Zanzibar, hasa Pemba, watu zaidi ya 30 wakafa na wengine zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, kuomba hifadhi, hapakuwa na makabila mawili ya kulaumiwa. Palikuwa na uchaguzi usioaminika na polisi wenye bunduki, mambo mawili yaleyale ya Kisumu.

Tuje mwaka 2013. Waandishi wa nje walimiminika Nairobi kuliko wakati wowote, kwa kuwa safari hii hawakutaka vita viwakute hawapo. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Machi 4, CNN ilirusha taarifa kutoka Bonde la Ufa ikionyesha wanaume wachache waliojifunika nyuso, wakijiviringisha kwenye majani wakiwa na silaha za kujitengenezea, wakijiandaa eti kwa vita. Wakenya walicheka mtandaoni hadi machozi yakawatoka, wakaihoji taarifa hiyo picha kwa picha. Mzaha ulistahili. Lakini ulifunika jambo lililo kubwa kuliko CNN. Vita havikutokea, mizigo ikafungwa, na habari halisi ikabaki bila msimuliaji: vifaa vya kielektroniki vya kuwatambua wapiga kura viligoma katika vituo vingi, mfumo wa kupeleka matokeo ukaanguka, na kwa siku kadhaa taifa zima lilitazama kwenye televisheni idadi ya kura zilizoharibika ikipanda isivyo kawaida, mpaka Tume ikaeleza kwamba programu ya kompyuta ilikuwa ikiizidisha idadi hiyo mara nane. Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa asilimia 50.07, akiwa amevuka nusu kwa takriban kura 8,000. Kwa mwandishi anayeuliza nani anahesabu, hiyo ni habari ya maisha. Kwa anayeuliza je, watapigana, jibu lilikuwa hapana, na ndege ilikuwa inasubiri.

Ndipo ikaja 2017, ambako kipimo kilekile kilitoa jibu la kinyume na bado likawa kosa. Chris Msando, aliyekuwa msimamizi wa teknolojia wa tume ya uchaguzi, IEBC, aliuawa siku chache kabla ya kura za Agosti 8, mwili wake ukionyesha dalili za mateso. Kura zikapigwa kwa utulivu, foleni ndefu, watu wavumilivu. Kufikia Agosti 10 waangalizi wa nje, akiwamo John Kerry kwa niaba ya kituo cha Carter, walikuwa wamezungumza na waandishi, na sifa zao kwa upigaji kura zikatangulia mbele ya kila tahadhari waliyoiweka. Odinga alisema mfumo umeingiliwa. Bodi ya wahariri ya New York Times ikamkosoa yeye, kana kwamba anayehoji hesabu ndiye anayeleta hatari. Tarehe 11 Uhuru akatangazwa mshindi kwa asilimia 54.27. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi huo kwa kura nne dhidi ya mbili, mara ya kwanza kwa mahakama barani Afrika kufuta ushindi wa rais. Majaji hawakuuliza kama watu walipigana. Waliuliza fomu 34A kutoka vituoni ziko wapi, kwa nini matokeo yalitangazwa kabla hazijafika zote, kwa nini IEBC haikufungua seva zake kama ilivyoamriwa. Fomu 34C, ile moja iliyobeba matokeo ya nchi nzima na kumtangaza rais wa jamhuri, ililetwa mbele yao ikiwa haina alama ya maji wala namba ya mfululizo.

Watetezi wa waangalizi husema kwamba wao walitoa taarifa za awali tu, walisisitiza ujumlishaji unaendelea, na walimshauri mlalamikaji aende mahakamani, akaenda, akashinda. Basi mfumo ulifanya kazi. Kuna ukweli hapo. Ila vyombo vya habari havikuibeba tahadhari, vilibeba sifa. Na vilibeba sifa kwa sababu sifa ilijibu swali lao. Kutoka 2008 walijifunza kwamba Kenya inaweza kuungua, wakakosa kujifunza kwa nini, hivyo kila siku isiyo na moto ikahesabika kuwa ushindi wa demokrasia. Wanasiasa wa Kenya, wepesi kuliko yeyote kuisoma dunia, waligundua hilo mapema. Ukiwa umeshikilia madaraka na vyombo vya nje vinapima uchaguzi kwa utulivu wa barabara, unachohitaji ni barabara tulivu; anayepinga hesabu anageuzwa mchochezi, na mwananchi anaambiwa kubali yaishe.

Kuna wanaotetea ufinyu huu kwa sababu za kazi. Msomaji wa mbali, wanasema, ana dakika mbili. Huwezi kumpa historia ya mashamba ya Molo na maelezo ya fomu 34A. Lakini sentensi isemayo watu wanapigania mashamba yaliyogawanywa vibaya baada ya ukoloni haina maneno mengi kuliko isemayo makabila mahasimu yanauana. Linalogharimu ni kuitafuta, maana ya pili imekwisha kuandikwa tayari na inangoja jina la nchi tu. Tazama idhaa za nje zinazotangaza kwa Kiswahili, BBC tangu 1957 na Deutsche Welle tangu 1963. Ni mashirika yaleyale, yenye ada na bosi walewale wa London na Ujerumani. Ila msikilizaji wao wa Kisii au Kigoma hahitaji kuelezwa Mjaluo ni nani, na akidanganywa kuhusu Kericho atapiga simu. Kwake kabila ni jambo linalojulikana, kwa hiyo haliwezi kuwa habari. Mtangazaji analazimika kutafuta kilicho kipya. Msema pweke hakosi, na mwandishi anayemwandikia mtu asiyeweza kumsahihisha husema pweke hata akiwa amezungukwa na watu milioni nne wa Nairobi.

Mwaka 2022 kisingizio cha kukosa ushahidi kiliisha. IEBC iliweka fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, picha kwa picha, na yeyote mwenye simu, awe Kakamega au Chicago, angeweza kuzijumlisha mwenyewe. Jioni ya Agosti 15, William Ruto alipotangazwa mshindi, makamishna wanne kati ya saba wa IEBC walikuwa wamejitenga na matokeo, na kamera nyingi zikaelekezwa Kisumu na Kibera kwenye matairi yanayowaka. Kesho yake wanne hao wakaeleza sababu mojawapo: asilimia za wagombea zikijumlishwa zinapita 100 kwa 0.01, na kiasi hicho, walisema, ni kama kura 142,000. Ruto 50.49, Odinga 48.85, Wajackoyah 0.44, Mwaure 0.23. Jumla ni 100.01, kweli. Lakini kura halali zilikuwa milioni 14.2, na asilimia 0.01 ya hizo ni kama kura 1,420. Nazo zenyewe hazikuongezwa na mtu, zilitokana na kukadiria desimali. Kulijua hilo hakukuhitaji mtaalamu wa makabila wala safari ya Bonde la Ufa. Kulihitaji kikokotoo. Mahakama ya Juu ililimaliza Septemba 5 kwa kauli moja ya majaji saba.